Mamba, Kenge na Ngozi: Historia ya Baadhi ya Maneno ya Ngozi katika Kiswahili cha Mombasa

1.0 UTANGULIZI

Miongoni mwa hoja zinazotolewa mara kwa mara kuonyesha kwamba Kiswahili kina upungufu wa istilahi, imo hoja inayohusu ngozi. Husemwa kwamba Kiingereza kina neno moja kwa ngozi iliyo mwilini mwa kiumbe, neno jingine kwa ngozi nzito ya ng'ombe au nyati iliyokwisha kuchunwa, na neno la tatu kwa ngozi iliyotengenezwa ikawa tayari kwa mshonaji. Kiswahili, kwa upande wake, huyaita yote hayo ngozi. Husemwa pia kwamba Kiingereza humtenga mamba wa mito ya Afrika na yule alligator wa Marekani, hali Kiswahili huwaita wote wawili mamba.

Makala haya yanakusudia kuichunguza hoja hiyo kwa kuifuata historia ya maneno yenyewe, hasa kama yalivyotumika Mombasa na sehemu za pwani zilizohusiana nayo. Itaonyeshwa kwamba upungufu haupo pale unapodaiwa kuwapo. Kiswahili hakikosi uwezo wa kutenga mnyama, ngozi yake na kifaa kilichotokana na ngozi hiyo. Kinachofanya ni kuvitenga kwa vitenzi na kwa upatanisho wa kisarufi, wala si kwa kulimbikiza nomino. Itaonyeshwa pia kwamba upo upungufu mmoja wa kweli, ambao ni mdogo lakini una madhara katika biashara na sheria, na kwamba unaweza kuzibwa bila ya taabu.

Mombasa imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni bandari, na ngozi ni bidhaa ya bandari. Pili, ni mahali ambapo Kiswahili cha wenyeji kilianza mapema kuandikiwa kamusi. Hori inayopita kando ya Mji wa Kale na kuizunguka Tudor hadi Jomvu ndiyo njia waliyoipita kwa mashua watu wengi waliokwenda Rabai, na Rabai ndiko alikoweka makao Johann Ludwig Krapf mwaka 1846, baada ya kufika Mombasa mwaka 1844. Kamusi yake, iliyotolewa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, imejaa Kimvita. Baadaye, katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, ilikubaliwa kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo baadhi ya maneno ya Kimvita yalibaki pembeni katika mji ule ule uliokuwa mwenyeji wa mkutano.

2.0 MJUSI ALIYEKUZWA

Neno alligator halikutokana na mnyama wa Afrika, wala asili yake si Kiingereza. Mabaharia wa Kiingereza wa karne ya 16 walilisikia kwa Wahispania waliokwenda Marekani. Wahispania walipomwona mnyama huyo mitoni walimwita el lagarto, yaani mjusi. Waingereza hawakutambua kwamba el ni kibainishi kinachotangulia nomino. Wakaliunganisha na nomino yenyewe, na baada ya muda likawa neno moja.

Jambo hilo halitamshangaza msomaji wa Kiswahili. Kiswahili nacho kilipokopa maneno ya Kiarabu, mara nyingine kilikiacha kibainishi al- nyuma, kama katika kitabu, na mara nyingine kilikipokea pamoja na nomino, kama katika alfajiri, alasiri na Alhamisi. Kwa hiyo alligator na alfajiri yana umbo la namna moja: yote mawili yamebeba kibainishi cha lugha nyingine kama kwamba ni sehemu ya mzizi.

La kuzingatiwa zaidi ni maana. Wahispania hawakuwa wa kwanza kumpa mnyama huyu jina la mjusi. Herodotus, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Wagiriki wa Ionia waliokuwa Misri walimwita mamba wa mto Nile krokodeilos kwa sababu alifanana na mijusi waliyoijua kwao. Kwa hiyo maneno yote mawili ya Kiingereza, la mamba wa Afrika na la mamba wa Marekani, yana chanzo cha namna moja: mgeni alikutana na mnyama asiyemjua, akampa jina la mnyama mdogo aliyemwacha nyumbani kwake.

Matokeo ya uitaji huo yanaonekana hata katika historia ya pwani hii. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa katikati ya karne ya 1 baada ya Kristo, kinataja kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu wamekinasibisha ama na Pemba, ama na Unguja, ama na Mafia. Kinasema kwamba kisiwani humo hamna wanyama wakali isipokuwa mamba, lakini mamba wenyewe hawamdhuru mtu. Mamba asiyemdhuru mtu ni jambo la ajabu, na wafafanuzi kadha wamedhani kwamba aliyeonekana hakuwa mamba bali kenge. Dhana hiyo ina nguvu kwa upande wa lugha, kwani neno la Kigiriki lililotumika liliweza kubeba maana ya mjusi vilevile.

Mwenyeji wa pwani asingeweza kupotoka hivyo, kwa sababu kwake mamba na kenge ni majina mawili yasiyotokana moja na jingine. Tena anayo methali isemayo kwamba katika msafara wa mamba, kenge nao wamo. Methali hiyo hutumiwa kumsema mtu duni aliyejichanganya na wakubwa, lakini haina maana ila kwa msikilizaji anayejua kumtambua kenge akimwona. Basi katika jambo hili la msingi, Kiswahili kilitenga kile ambacho lugha za Ulaya zilikichanganya.

3.0 MAMBA NA NGWENA

Kiswahili kina maneno mawili ya Kibantu kwa mnyama huyu: mamba na ngwena. La pili limedhoofika katika Kiswahili sanifu, lakini jamaa zake wameenea mno kusini mwa Afrika: Kizulu husema ingwenya, Kishona ngwena, na Kitswana kwena, neno ambalo ndilo jina la jamii ya Wakwena. Neno mamba lina historia ya fujo zaidi, maana katika Kizulu imamba ni nyoka mwenye sumu kali, na ni kwa njia hiyo neno lilivyoingia katika Kiingereza. Mfasiri asiyekuwa mwangalifu akikutana na neno hilo katika maandishi ya Kiingereza huweza kumgeuza nyoka akawa mamba wa mtoni.

Yafaa pia kutazama lugha ambazo hazikutoa neno. Waarabu humwita mnyama huyu timsah, na Wareno, waliokalia Mombasa tangu mwisho wa karne ya 16 hadi mwaka 1698, na wakarudi kwa muda mfupi mwaka 1728, humwita lagarto au crocodilo. Wareno waliacha maneno kama meza, bendera, mvinyo na gereza. Waarabu waliacha maneno mengi zaidi, yakiwamo ya wanyama wa kufugwa kama farasi. Lakini timsah halikuchukua nafasi ya mamba, na lagarto halikusikika. Sababu ni nyepesi: watu waliovuka mito ya Tana, Sabaki na Umba walikuwa na jina la mnyama huyo zamani kabla ya mgeni kuwasili. Lugha haikopi jina la kitu ambacho wasemaji wake wanakijua na kukiogopa kila siku.

4.0 NGOZI NA UKOO WAKE

Neno ngozi nalo ni la Kibantu. Katika Kinyarwanda, ingobyi ni ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni, na pia ni machela ya kuchukulia mgonjwa. Katika Kinyankore, engozi ni machela hiyo hiyo. Katika Kikikuyu, ngoi ni mbeleko. Yaonekana, basi, kwamba katika lugha nyingi za jamii hii neno hili lilishikamana na ngozi inayobeba mtu, na kwamba Kiswahili kililipa upana wa kuwa jina la ngozi yoyote, ya mtu, ya mnyama au ya kiatu.

Upo ushahidi mwingine ndani ya Kiswahili chenyewe. Neno govi, au ngovi, ni jina la ngozi inayoondolewa katika tohara. Ngovi na ngozi zinatofautiana kwa v na z tu, na tofauti hiyo si ya bahati, kwani ndiyo ile ile inayoonekana katika mwivi wa Mombasa na mwizi wa Kiswahili sanifu. Yumkini, basi, tunalo hapa neno moja lililopitia njia mbili za matamshi, kisha maana zikagawanywa: umbo moja likabaki na maana ya jumla, jingine likabanwa katika maana moja ya jandoni.

Kuhusu dai kwamba neno ngozi ni pana mno, lazima kuuliza kwanza ni lugha zipi zinazotenga. Kiarabu hutumia neno jild kwa ngozi ya mwili na kwa ngozi iliyotengenezwa, wala hakuna aliyesema kwamba Kiarabu ni maskini. Kinachopaswa kutazamwa ni kama msemaji anaweza kueleza tofauti anapoihitaji. Msemaji wa Kiswahili anaweza. Ngozi huchunwa, huwambwa, huanikwa, hulainishwa, hukatwa na hushonwa. Kila kitenzi kinaonyesha hatua, na kila hatua inatoa sifa yake: ngozi mbichi, ngozi kavu, ngozi iliyolainishwa. Mtu aliyesikia kwamba ngozi imewambwa hahitaji nomino nyingine imwambie kwamba haimo tena mwilini mwa mbuzi. Ile methali ya mwamba ngoma, ambaye ngozi huivutia kwake, imesimama juu ya kitenzi hicho.

Hapa inafaa kuikumbuka tena hori ya Tudor, kwa sababu kingo zake zimeota mikoko, na magome ya mikoko yana dawa ya kutengenezea ngozi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 magome ya mikoko ya Afrika Mashariki, hasa ya Rufiji, yaliuzwa ng'ambo kwa kazi hiyo. Wenyeji wa pwani hawakuiita miti hiyo yote kwa jina moja: kuna mkoko au mkaka, kuna mkandaa, kuna mchu, kuna mlilana, kuna mkomafi. Lugha inayotenga hivyo malighafi ya kazi haiwezi kushutumiwa kwa uvivu wa kutenga. Inatenga pale mtumiaji anapopata faida kwa kutenga.

5.0 MANENO YALIYOTOKA KATIKA KIARABU

Kama Kiarabu hakikutoa jina la mamba wala la ngozi, kilitoa majina ya vitu vilivyotengenezwa kwa ngozi. Maneno matatu yatatosha kuwa mfano.

La kwanza ni kiriba, mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Asili yake ni qirba. Silabi ya kwanza ya neno la Kiarabu ilifanana na kiambishi ki-, basi Kiswahili kikaichukua kuwa kiambishi kweli, na wingi ukawa viriba, kama vile kitabu kilivyopata vitabu. Kiriba chenyewe kimetoweka katika matumizi ya watu wengi tangu kuja kwa debe na plastiki, lakini neno halikufa. Katika Tanzania, maandishi ya afya hutumia kiribatumbo kwa unene uliokithiri, na picha iliyomo ndani yake ni ya mfuko wa ngozi uliojazwa maji ukatuna.

La pili na la tatu ni jalada na mjeledi, ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayana uhusiano. Jalada hukilinda kitabu. Mjeledi humpiga mtu au mnyama. Lakini yote mawili yanarudi katika mzizi ule ule wa jild. Kitabu kilitiwa jalada kwa kuvikwa ngozi, na kazi hiyo ikaitwa kujalidi. Kitenzi cha kupiga mijeledi kwa Kiarabu kinahusu kuipiga ngozi ya mwili. Kwa hiyo ngozi ya mnyama na ngozi ya aliyepigwa zimekutana katika mzizi mmoja. Katika kisiwa cha Pate, mji wa Siyu ulijulikana katika karne za 18 na 19 kwa kunakili misahafu, na vilevile kwa kazi za ngozi kama makubadhi. Fundi wa jalada na fundi wa makubadhi walikuwa wakikata bidhaa moja katika mji mmoja. Leo jalada huwa la karatasi au la plastiki, na ofisini jalada ni mkusanyo wa barua za jambo moja. Ngozi imetoka katika kitu, ikabaki katika historia ya neno.

6.0 KIBOKO NA UPATANISHO WA KISARUFI

Katika Kiingereza, jina la mnyama huweza kusimama peke yake kwa maana ya ngozi yake; mfanyabiashara husema mkoba huu ni alligator na akaeleweka. Kiswahili kwa kawaida hudai kiunganishi: mkoba wa ngozi ya mamba, ala ya ngozi ya ng'ombe, ngoma ya ngozi ya mbuzi. Hata ngalabi ya Buganda, ngoma ndefu inayowambwa ngozi ya kenge, mwenye kuieleza kwa Kiswahili hulazimika kusema hivyo, ngozi ya kenge, wala si kenge tu.

Lakini upo mfano mmoja mkubwa unaokwenda kinyume, nao ni kiboko. Kiboko ni mnyama wa mtoni, na fimbo iliyokatwa katika ngozi yake nene ikaitwa kwa jina lake. Wakati wa utawala wa Wajerumani katika Tanganyika fimbo hiyo ilikuwa alama ya serikali yenyewe, na maneno hamsa ishirini, yaani mapigo 25, yakabaki vinywani mwa watu baada ya utawala huo kwisha. Kisha neno likaendelea na safari. Fimbo ya mti nayo ikaitwa kiboko. Halafu adhabu ikaitwa viboko, hata kama hakuna ngozi iliyotumika. Kenya ilipopiga marufuku kuwachapa wanafunzi shuleni mwaka 2001, kilichokatazwa kiliitwa viboko, na hakuna aliyemfikiria mnyama. Katika mazungumzo ya siku hizi mtu hodari asiyeshindika husifiwa kuwa ni kiboko. Mnyama, ngozi, fimbo, adhabu, kisha sifa: ni hatua 5 katika neno moja.

Je, wasemaji wamechanganyikiwa? La. Sarufi imewalinda. Mnyama ni kiboko yule, wingi viboko wale. Fimbo ni kiboko kile, wingi viboko vile. Kifaru mwenye pembe ni kifaru yule. Kifaru cha vita ni kifaru kile. Ndege arukaye kwa mbawa zake ni ndege yule. Ndege itokayo uwanjani ni ndege ile. Upatanisho wa viumbe hai huondoka pale uhai unapoondoka, na msikilizaji hujua mara moja ni kitu gani kinachosemwa. Hiki ndicho chombo ambacho wanaodai upungufu hawakukihesabu. Wanahesabu nomino katika safu za kamusi, hali tofauti wanayoitafuta imo katika viambishi vya sentensi.

7.0 BIASHARA, SHERIA NA UPUNGUFU WA KWELI

Ngozi za Afrika Mashariki zimekuwa bidhaa ya kimataifa kwa muda mrefu. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walinunua Unguja pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, na kuleta kitambaa ambacho Waswahili walikiita merikani. Katika biashara hiyo neno ngozi lilitosha, kwa sababu bidhaa iliyouzwa ilikuwa hasa ngozi ya ng'ombe na mbuzi, na aina ilitajwa kwa kiunganishi.

Mambo yalibadilika pale sheria ilipoanza kuuliza ngozi ni ya mnyama gani hasa. Uwindaji ulikuwa umempunguza mno alligator wa Marekani, hata akaingizwa katika orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 1967. Alitangazwa kuwa amepona mwaka 1987. Mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini ulitiwa saini Washington mwaka 1973, ukaanza kufanya kazi mwaka 1975. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara za wanyamapori mwaka 1978. Tangu hapo, mzigo wa ngozi unaopita bandarini huhitaji hati, na hati huhitaji jina la mnyama asiyechanganywa na mwingine.

Hapa ndipo neno mamba, peke yake, linapopwaya. Kwa desturi, kamusi hulifasiri alligator kuwa mamba, na kwa mazungumzo hilo halina ubaya. Lakini mamba wa mto Nile, anayepatikana Tana na anayefugwa hata Nyali ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, si alligator. Wanyama hao ni wa familia mbili. Mamba akifunga kinywa, jino la nne la taya la chini huonekana nje. La alligator hufichika. Ngozi zao nazo hutofautiana: kila gamba la tumbo la mamba lina kitundu kidogo kama alama ya sindano, na gamba la tumbo la alligator halina. Ngozi ya kenge ina magamba madogo ya mviringo kama shanga, na fundi mwenye uzoefu huitambua kwa kidole. Mnunuzi aliyeandikiwa ngozi ya mamba anaweza kupewa yoyote kati ya hizo tatu, au ngozi ya ng'ombe iliyopigwa chapa ya magamba, na neno lenyewe lisimsaidie kudai haki yake.

Baadhi ya wafasiri wamependelea mamba wa Marekani. Istilahi hiyo inaeleweka upesi, lakini ina kasoro mbili. Marekani ina mamba wa kweli pia, si alligator peke yake. Na aina ya pili ya alligator haiko Marekani bali katika mto Yangtze nchini Uchina. Mamba wa Marekani wa Uchina ni maneno ambayo hakuna mwalimu atakayeweza kuyatetea mbele ya wanafunzi. Kurudisha ngwena na kumpa maana hiyo mpya kungevutia wapenzi wa Kimvita, lakini kungekuwa dhuluma kwa neno, kwani ngwena daima amekuwa ni mamba huyu huyu wa Afrika.

Njia iliyo bora ni kukopa waziwazi: aligeta, katika ngeli ya N kwa umbo, na katika upatanisho wa viumbe hai kwa mnyama. Itasemwa aligeta huyu, aligeta hawa, na ngozi ya aligeta. Mkopo wa namna hii haukiuki desturi iliyoonyeshwa hapo juu. Kiswahili hakikukopa timsah kwa sababu mnyama alikuwapo na jina lake lilikuwapo. Aligeta hayupo katika mto wowote wa Afrika, basi hana jina la kunyang'anywa.

8.0 HITIMISHO

Historia ya maneno haya inaonyesha utaratibu. Majina ya wanyama wa nchi, na jina la ngozi yenyewe, yalibaki ya Kibantu. Maneno ya Kiarabu yaliingia pamoja na ufundi na vifaa: kiriba, jalada, mjeledi. Pale jina la mnyama lilipogeuka jina la kifaa, kama katika kiboko, sarufi ilizuia utata kwa kubadili upatanisho. Na mahali pekee ambapo lugha imepungukiwa ni pale penye mnyama ambaye wasemaji hawakupata kumwona.

Kwa hiyo hakuna haja ya kuunda nomino mpya kwa ngozi iliyotengenezwa, na kamati za istilahi zitafanya vyema kutopoteza muda juu yake. Kazi iliyo mbele yao ni nyingine: kukusanya, kabla hayajasahauliwa, maneno ya mafundi wa makubadhi, wa ala na wa ngoma waliobaki Mombasa, Lamu na Siyu. Zana zao, vipande vya kazi yao na kasoro za ngozi wanazozikataa vina majina ambayo fundi hujifunza kwa kukaa na fundi. Majina hayo yakipotea, wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za ngozi watakuwa wamepata ushahidi ambao leo hawana.